Nyasi Hazina Miguu, Lakini Huvuka Bahari

Kila mwaka jua la mwezi wa saba likisha kukausha nyika za Kasongo na Kabambare, moto huwashwa. Moshi hupanda, na mwewe huzunguka juu yake wakiwavizia panzi na panya wanaokimbia. Jioni nchi huwa nyeusi. Mgeni akiiona siku ile atasema: hapa pamekufa. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, hayapiti majuma mawili kabla nchi haijavaa kijani tena. Hakuna aliyelima, wala hakuna aliyepanda.

Jambo hilo tumelizoea mno, hata hatuulizi tena. Yule mtoto anayeuliza, “Baba, nani amepanda nyasi hizi?” huambiwa, “Zimeota zenyewe.” Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Nyasi za nyikani zinayo mizizi iliyojificha chini ya moto, na mbegu zilizosubiri mvua. Je, mahali pasipo na mizizi wala mbegu, kama kisiwa kilichozaliwa katikati ya bahari, nyasi hufikaje? Na zikisha kufika, je, hubaki zile zile?

Tumeona vema leo tuzungumze nanyi habari hiyo. Msidhani ni habari ya mbali, isiyotuhusu sisi tukaao ng'ambo ya ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka pwani. Mtaona mwishoni kwamba ni habari ya sahani yetu ya jioni.

UKOO MKUBWA KULIKO TUDHANIVYO

Kwanza tujue ni nani tunayemzungumza. Wataalamu wa mimea huhesabu zaidi ya aina 11,000 za nyasi duniani. Katika ukoo huo yamo majani ya kuezekea, matete ya kando ya Lualaba na Luama, na yale majani makali yanayovamia shamba lililochoka, yenye mizizi ichomayo kama sindano na maua meupe kama pamba. Lakini wamo pia wakubwa wa ukoo: mpunga, mahindi, mtama, ulezi, ngano, muwa, hata mwanzi. Mama anayepepeta mpunga uani Kasongo na mbuzi anayekula majani kando ya njia, wote wawili wanaishi kwa ukoo ule ule mmoja.

Visiwa navyo ni vya namna mbili. Vingine ni vipande vya bara, ambavyo zamani viliungana nalo, maji yakaja kuvitenga. Vile vilitengwa na mimea yake tayari. Vingine havikuungana na bara hata siku moja. Viliinuka kutoka chini ya bahari, ama kwa moto wa volkano, kama Ngazija katika Komoro, ama kwa kazi ya matumbawe. Hivyo vilianza vitupu. Kila jani lililoko huko, ama lenyewe ama mzazi wake wa kale, lilivuka maji.

KISIWA KILICHOANZA UPYA

Tunao ushahidi wa watu waliotazama jambo hilo kwa macho yao. Tarehe 27 Agosti 1883, kisiwa cha Krakatau, kati ya Java na Sumatra, kilipasuka kwa moto wa volkano. Mawimbi yaliyotokea yaliua zaidi ya watu 36,000 katika pwani za jirani. Sehemu kubwa ya kisiwa ilizama, na kilichobaki kilifunikwa na majivu ya moto. Mwaka uliofuata, wachunguzi waliofika huko hawakuona mmea wowote. Walikuta buibui mdogo tu, akitanda utando wake mahali pasipo na nzi wa kunasa.

Mwaka 1886 wakarudi, wakaona mimea ya kwanza imeshika majivu, na nyasi zimo. Mwaka 1897, yaani miaka 14 baada ya msiba, sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa nyika ya nyasi ndefu, jamaa za muwa wa mwitu. Hakuna mtu aliyezipeleka, na bara lilikuwa mbali kama mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu, lakini ni mwendo wa maji matupu.

Baadaye miti ilikua katikati ya nyasi, ikazitia kivuli, na msitu ukachukua nchi. Nasi tunaokaa mahali ambapo nyika ya kusini hukutana na msitu mkubwa wa kaskazini, twalijua jambo hilo. Pale ambapo moto haufiki miaka mingi, miti hurudi. Pale ambapo moto hupita kila mwaka, nyasi hutawala. Nyasi ni watu wa kutangulia: hufika mapema mahali pa ukiwa, hushika udongo, kisha hulazimika kuwapisha wengine, isipokuwa moto ukiwasaidia.

NJIA NNE ZA MSAFIRI ASIYE NA MIGUU

Basi hufikaje? Njia ya kwanza ni upepo. Mbegu nyingi za nyasi ni nyepesi, nyingine zina manyoya, na dhoruba huzibeba mbali.

Njia ya pili ni bahari yenyewe. Mbegu nyingi hufa katika maji ya chumvi, lakini ziko nyasi za pwani zilizojizoesha na chumvi. Vipande vya mashina yake hung'olewa na mawimbi, huelea, vikatupwa mchanga wa kwingine na kuota tena.

Njia ya tatu ni wanyama. Charles Darwin, mtaalamu Mwingereza, alisimulia jinsi alivyoletewa mguu wa kware aliyejeruhiwa, asiyeweza kuruka. Mguuni palikuwa na bonge la udongo mkavu, uzito wake gramu 180 hivi, nalo lilikuwa limewekwa miaka mitatu. Darwin akalivunja, akalitia maji, akalifunika kwa kioo. Mkaota miche 82, na kati yake nyasi zimo! Kila mmoja wetu aliyewahi kumnasa kware shambani ameuona udongo ule miguuni pake, lakini ni nani aliyewahi kufikiri kwamba ndani yake limo shamba zima? Sasa wafikirini ndege wa majini na wa pwani, wavukao bahari kila mwaka, na tope limewashika vidoleni.

Na si ndege peke yao. Mwezi wa Desemba 2004, huko Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, kobe mkubwa ajabu alitoka baharini akitembea. Si kasa, ambaye bahari ni kwake. Ni kobe wa nchi kavu. Alikuwa amekonda, na viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba vilikuwa vimeota miguuni mwake, ishara ya kwamba ameelea majuma kadhaa. Wataalamu walimtambua kuwa ni wa aina ya Aldabra, kisiwa kilichoko kilomita 740 kutoka pale. Mnyama wa namna hii hula nyasi, na mbegu hukaa tumboni mwake siku nyingi. Mnaona, basi, jinsi msafiri mmoja awezavyo kubeba wasafiri wengi.

Njia ya nne ni binadamu, naye tutamrudia. Kwanza twende Aldabra, maana huko ndiko tutakakoona jambo kubwa kuliko kufika, nalo ni kubadilika.

MDOMO WA KOBE

Aldabra ni kisiwa cha matumbawe katika nchi ya Shelisheli, kilomita 640 hivi kutoka pwani ya Afrika. Ni nchi ya chini, yenye mawe makali na maji haba. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilipanda ikakifunika. Maji yaliposhuka, kisiwa kilianza upya kama Krakatau, na mimea na wanyama wakafika tena, mmoja mmoja.

Leo huko wako kobe wakubwa wapatao laki moja. Hao ndio ng'ombe wa Aldabra. Kutwa wanakula nyasi, na mahali wanapokusanyika kwa wingi, nchi ni kama zulia la kijani. Zulia hilo lina zaidi ya aina 20 za nyasi na mimea midogo, na baadhi yake hazipatikani popote pengine duniani. Ni fupi mno, na mbegu zake hazikai juu katika suke linalopepea, bali chini kabisa, karibu na udongo.

Kwa nini? Fikirini mambo yalivyokwenda. Wazazi wa nyasi hizo walipofika walikuwa na masuke ya juu, kama nyasi nyingi tuzijuazo. Lakini katika watoto wa mmea mmoja hawakosi warefu na wafupi, kama ilivyo katika nyumba ya mtu. Kobe alipopita, alikata walio warefu pamoja na mbegu zao. Wafupi, wenye mbegu mahali ambapo mdomo wa kobe haufiki vizuri, waliponea. Mwaka uliofuata watoto wengi walikuwa wa wale wafupi. Kobe akapita tena, na mwaka wa pili, na wa elfu, na wa elfu kumi. Mwisho ufupi ukaingia katika damu ya mmea, kama tusemavyo. Nyasi hizo si fupi kwa sababu zimekatwa. Ni fupi kwa kuzaliwa.

Kobe hakukusudia lolote. Alikuwa na njaa tu. Lakini kwa kula hivyo vizazi vingi, alizifanya nyasi kuwa kitu kipya. Nazo, kwa upande wake, zinamtegemea: pasipo kobe, mimea mirefu ingezifunika zikosa jua.

Haikukosa kidogo zulia hilo litoweke. Katika miaka ya 1960 serikali ya Uingereza iliwaza kujenga huko uwanja wa ndege za kijeshi. Wataalamu wakapiga kelele; kisha fedha nazo zikapungua, na mwaka 1967 mpango ukaachwa. Mwaka 1982 Aldabra iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Kazi ya miaka maelfu iliponea chupuchupu isifunikwe na saruji ya miezi michache.

MKONO WA MAMA

Sasa turudi kwa ile njia ya nne. Katika jamaa zote za nyasi zilizovuka bahari, hakuna aliyetufaa sisi kuliko mpunga.

Mpunga wa mwitu una tabia moja isiyompendeza mkulima: ukiiva, punje huanguka chini zenyewe. Kwa mmea ni hekima, maana ndivyo ujipandavyo. Lakini huko China, maelfu ya miaka iliyopita, watu walianza kuvuna mpunga na kupanda tena sehemu ya walichovuna. Punje zilizoanguka zilibaki shambani. Zilizoshikilia suke ndizo zilizofika nyumbani, na ndizo zilizopandwa. Mkono wa mvunaji ulifanya kama mdomo wa kobe, kwa upande wa pili tu: kobe aliacha kilichojificha, binadamu alichukua kilichomngoja. Hivyo ukapatikana mpunga tuujuao, usioweza kujipanda vizuri peke yake, unaomngoja mtu.

Afrika ya Magharibi nayo ilikuwa na mpunga wake, uliozoeshwa shamba na Waafrika wenyewe katika bonde la mto Niger. Lakini mpunga wa Asia ulifika kwetu kwa bahari na kwa visiwa. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata katika Komoro punje za mpunga zilizoungua, za tangu karne ya 8 hadi ya 10. Kisiwani Pemba watu wa zamani walikula zaidi uwele. Kisha, tangu karne ya 11 hivi, mpunga ukashika nafasi ya kwanza.

Miaka mingi ikapita. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilivuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Nyangwe na Kasongo, ambako Tippu Tip aliweka makao yake makuu. Msafara ule ulitafuta pembe za ndovu na watumwa, nasi hatuwezi kuyasahau machozi yake. Lakini katika mizigo ulikuwamo mpunga pia. Mashamba makubwa yakalimwa kuzunguka Kasongo, mengi kwa jasho la watumwa. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru la Kongo yaliteka Nyangwe na Kasongo, na utawala wa watu wa pwani ukaisha. Mpunga haukuondoka nao. Wabelgiji wakaja kuwalazimisha wakulima kuulima, pamoja na pamba, kwa amri na kwa adhabu. Wabelgiji nao wakaondoka mwaka 1960. Mpunga ukabaki, na leo hakuna sherehe ya arusi huko kwetu inayoitwa sherehe pasipo sahani ya wali.

Watawala walipita; mbegu ikabaki. Imebakije? Kwa mikono ya akina mama. Ni wao waliovuna kwa kisu kidogo, suke kwa suke, wakitenga yale mazuri: “Haya si ya kutwanga, haya ni ya kupanda.” Kila aliyetenga hivyo alikuwa akiuchagua mpunga unaokubaliana na udongo wake na mvua zake. Pengine hakujua, kama kobe asivyojua. Lakini tofauti ni kubwa: mama anaweza kujua, na akijua, atachagua vizuri zaidi.

Ndiyo maana vita vina madhara yasiyoonekana. Katika vita vya 1996 na 1997, na tena toka 1998 hata 2003, watu wetu wengi walikimbilia msituni. Aliyekimbia usiku alibeba mtoto. Hakubeba kapu la mbegu. Na aliyerudi na njaa, akikuta kapu limebaki, alikula hata ile ya kupanda, wala hakuna awezaye kumlaumu. Nyumba iliyoanguka hujengwa tena kwa mwezi mmoja. Mbegu iliyochaguliwa na mama, na mama ya mama, ikipotea, pesa hazirudishi ile ile.

NYASI ZETU UGENINI

Tusidhani kwamba sisi tumepokea tu. Afrika nayo imetoa nyasi zake, na habari hii ina huzuni.

Visiwa vya Hawaii viko katika bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka bara lililo karibu. Wenyeji wake walikuwa na nyasi yao waiitayo pili, ambayo kwayo waliezeka nyumba zao, kama sisi tuezekavyo kwa majani ya nyikani. Kisha wageni wenye ng'ombe wakaleta nyasi za malisho kutoka Afrika. Mojawapo ni ile ndefu iliyopewa jina la Guinea, ambayo huota hata kwetu Kongo, na mbuzi huipenda. Wageni hao hawakukusudia mabaya. Walitaka ng'ombe washibe.

Lakini nyasi za Afrika zimekulia katika moto. Zikiungua, huota tena upesi. Mimea mingi ya Hawaii haikuzoea moto, nayo ikiungua hufa. Kila moto uliwapa wageni nafasi zaidi, na wageni walipoongezeka, moto nao uliongezeka. Mashamba makubwa ya miwa yalipoachwa, nyasi hizo zilijaa humo bila ng'ombe wa kuzila wala mtu wa kuzifyeka. Tarehe 8 Agosti 2023, karibu na mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, nyaya za umeme zilizokatika ziliwasha majani makavu. Moto uliodhaniwa umezimwa asubuhi uliamka tena mchana, upepo mkali ukausukuma mjini. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Jani lile lile ambalo kwetu ni chakula cha mbuzi, ugenini lilikuwa kuni za msiba. Ubaya haukuwa katika jani. Ulikuwa katika kulipeleka mahali pasipolijua, kisha kuliacha bila mlinzi.

TUFANYE NINI SISI?

Wazazi wapendwa, mnaona sasa kwamba mtoto aliyeuliza “Nani amepanda nyasi hizi?” aliuliza swali la mtu mzima. Nyasi huenda zinakochukuliwa, na huwa vile zinavyokatwa. Zamani wachukuzi walikuwa upepo, bahari na ndege, na mkataji alikuwa kobe. Siku hizi mchukuzi mkubwa na mkataji mkubwa ni sisi wenyewe. Basi tuifanye kazi hiyo kwa macho wazi.

Kabla ya mavuno, pita katikati ya shamba, si pembeni. Chagua masuke yaliyojaa, yaliyoiva sawasawa, ya aina moja. Yakaushe vizuri, uyaweke mbali na unyevu na panya, na mengine umpe jirani au ndugu wa kijiji kingine ayatunze, ili msiba ukikupata wewe, mbegu isife pamoja na nyumba yako. Mfundishe binti, na mvulana pia. Na mtu akikuletea mbegu mpya, usiikatae wala usitupe ya zamani. Ipande kipande kidogo kwanza, uitazame mvua moja au mbili.

Na moto wa mwezi wa saba? Usiwashwe na watoto kwa mchezo, wala upepo ukivuma. Kwanza ifyekwe njia pana kuzunguka nyumba na mashamba, na wazee wa kijiji wajue siku. Mkiuzima, msiuache mpaka majivu yamepoa. Watu wa Lahaina wangetupa shauri hilo hilo.

Jioni ya leo, mama atakapopakua wali, mmoja wenu awasimulie watoto jinsi punje hizo zilivyotoka China, zikakaa Komoro na Pemba, zikavuka ziwa Tanganyika vichwani mwa wachukuzi, zikapita Kabambare mpaka hapo mezani. Kisha awaonyeshe kapu lililotundikwa juu ya moshi wa jikoni, awaambie: “Hizo hatuli. Hizo zinaendelea na safari.”